Kengele Mbili Kwenye Kona

Wolfsgrund, 20 Agosti 2017

Mdogo wangu Tilo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Sieglinde, ambaye goti linamsumbua lakini ulimi ni mzima kabisa. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanagusa chini. Jirani zimemshinda, kila asubuhi anatuachia ndoo mlangoni, na Sieglinde amepika jamu mpaka chupa zimekwisha. Paka naye amezaa ndani ya kabati la viatu, wanne. Hayo ndiyo makubwa ya huku.

Sasa shida yangu. Sanduku lililokuja na barua hii lifungue taratibu, maana ndani yumo Bibi Mnene. Ndiyo, injini ya treni ya baba, ile ndogo ya kuchezea kwenye reli za ubaoni, aliyoichonga kwa tupa akiigiza ile kubwa aliyokuwa akiiendesha hapa bondeni. Na kuna utepe. Ni ule tuliorekodi mimi na wewe mwaka 1967, wiki ya mwisho kabla njia ya reli haijafungwa, kwa kinasa sauti cha kuazima kwa mwalimu, tumekiegemeza dirishani jikoni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kinachouchezesha kilikufa zamani, nami sikumbuki tena kilichomo zaidi ya kengele za baba.

Nataka Bibi Mnene apate sauti. Nimeshanunua kisanduku cha kuendeshea kidijiti na rimoti yake, nimeng'oa nyaya zote za zamani chini ya ubao, na mgongo wangu hauna hamu. Kilichobaki ni ndani ya injini yenyewe, na mle mikono yangu ya kupasua kuni haiingii. Wewe ndiye fundi saa wa ukoo. Mkono uliorudisha springi nyembamba kama unywele ndani ya saa za wanawake kwa miaka arobaini hautashindwa na tumbo la Bibi Mnene.

Sababu nitakwambia mara moja tu. Masikio yanaondoka, Tilo. La kulia, unajua, lilikufa jeshini kwa mzinga. Sasa la kushoto linalifuata. Nataka kusikia kengele ya baba akifika kwenye kona, mara mbili, kabla halijazima. Ubao tunaushusha kutoka darini Jumapili ya kwanza ya Majilio kama kawaida, tarehe 3 Desemba. Bibi Mnene awe amefika. Baada ya hapo kuna jambo lazima niliamue, na usiniulize ni jambo gani. Wala usipige simu, Sieglinde ndiye atakayepokea na mimi nitabaki kutazama midomo.

Kaka yako,
Ehrhard


Pforzheim, 9 Septemba 2017

Kaka Ehrhard, shikamoo.

Mzigo umefika salama, na jamu imeshaliwa. Nasi hatujambo. Franka amehamia mtaa wa pili, kwa hiyo binti yangu ananichunguzia friji kila Jumamosi kama polisi. Jirani wa chini ameanza kujifunza tarumbeta. Ukiniuliza mimi, masikio mabovu yana faida zake, unisamehe kwa utani huo.

Kwanza niache nicheke. Ni wewe uliyesema treni ya kubonyeza vitufe ni ya watoto wa mjini! Zamani ukipeleka umeme injini inakwenda, ukikata inasimama, kama ng'ombe na fimbo. Sasa umeme unakaa kwenye reli muda wote, na kila injini ina namba yake, inangoja kuitwa. Atakayeitika ni king'amuzi. Si kile cha televisheni. Hiki ni kidogo kuliko ukucha wako, na ndani yake ndimo nitakamoweka kengele. Bibi Mnene nitampa namba 7, namba ya nyumba yetu.

Tatizo ni nafasi. Baba alimjaza risasi ya uzito mpaka kooni, hakuna hata pa kuweka kidonge cha kichwa. Itabidi nikate risasi, nitie king'amuzi, nitie spika ya ukubwa wa punje ya mahindi, na nyaya nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Kazi tamu. Nipe wiki tatu.

Utepe umekubali, nimeshauhamishia kwenye kompyuta. Kaka, mama yumo. Umesahau? Baada ya kengele na honi, mama anasema kitu, na anakutaja kwa jina. Nilicheka mpaka nikalia. Sikwambii anasema nini. Utamsikia mwenyewe.

Nambusu shemeji, na goti lake pia.

Tilo


Wolfsgrund, 15 Oktoba 2017

Mdogo wangu,

Natumaini wewe na Franka ni wazima. Baridi imeanza, kuni nimepanga mpaka chini ya dirisha. Goti limepata nafuu, kwa hiyo Sieglinde amerudi kwenye kazi ya kunifukuza jikoni. Watoto wa paka wamepata wenyewe isipokuwa mmoja mwenye kengeza. Huyo amebaki, nani mwingine angemchukua?

Ulisema wiki tatu, na hii ni ya tano inakwisha. Sikusukumi, nakupa hali tu. Jumapili iliyopita nilisimama na kwaya, nikafumba macho nikaimba kwa moyo wote, na nilipofumbua wenzangu wote walikuwa wamekaa. Nilikuwa naimba ubeti wa tatu peke yangu. Mchungaji alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma. Nimemwambia kiongozi wa kwaya nina mafua.

Sieglinde sasa ananiandikia kwenye kibao cha chaki. Jana kaandika, "Unapiga kelele ukiongea." Nikafuta, nikaandika, "Wewe pia." Akacheka. Niliona meno yake, kicheko sikukisikia. Miaka arobaini na mmoja nimekipenda kicheko kile. Naogopa, Tilo.

Tangu uniambie kuhusu mama silali vizuri. Nimejaribu kukumbuka alisema nini siku ile na hakuna kitu kinachonijia. Hata sauti yake siipati tena, napata aproni tu.

Ehrhard


Pforzheim, 2 Novemba 2017

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Sote tu wazima. Franka anakusalimu. Hapa ni mvua tu.

Kazi inaendelea vizuri. Spika ya kwanza ilikuwa na kasoro, nimeagiza nyingine. Ya pili imechelewa njiani. Pia taa ya mezani iliharibika ikabidi nisubiri. Nitakuarifu. Usiwe na wasiwasi wowote.

Msalimie Sieglinde.

Mdogo wako


Wolfsgrund, 12 Novemba 2017

Tilo,

Salamu. Huku wazima.

Nimepata karatasi yako, barua siiti. Tangu lini ukaniandikia kwa mashine? Nilipofungua nilidhani ni ofisi ya kodi. Hata jina hukutia kwa mkono! Wewe uliyekuwa ukiandika kwa wino, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi zilizofyekwa, mpaka mama akawatembezea majirani bahasha zako waone.

Ati taa ya mezani. Fundi mzima anashindwa na taa? Sema tu kazi ya kaka yako imekuchosha. Ndivyo ulivyokuwa hata baba alipolala kitandani. "Nakuja, nakuja," na ulipofika udongo wa kaburi ulikuwa umekauka. Sikukutajia jambo hilo miaka ishirini na sita, na leo nalitaja kwa sababu ahadi zako nazijua harufu.

Kama humalizi, nirudishie Bibi Mnene hata akiwa vipande vipande. Nina mpaka tarehe 3. Baada ya hapo sauti hiyo haitanifaa kitu.

Ehrhard


Pforzheim, 27 Novemba 2017

Kaka, shikamoo.

Bibi Mnene huyo amerudi, amekamilika. Mwite kwa namba 7. Kitufe cha kwanza ni taa, cha pili ni honi, cha tatu ni kengele mbili, na kengele zikiisha mama anafuata. Mpeleke polepole kwenye kona, ndivyo baba alivyokuwa akifanya.

Heri ya Majilio kwako na kwa shemeji.

Tilo


Pforzheim, Jumapili 3 Desemba 2017

Kaka yangu mpenzi,

Sijui nikuamkie vipi leo. Ni saa nne asubuhi. Najua muda huu ubao uko sebuleni, upinde wa mishumaa uko dirishani, na hakuna anayeruhusiwa kuonja keki mpaka treni ya kwanza ipite kwenye kona. Najua umebonyeza kitufe cha tatu na hakuna kilichotokea. Kabla hujaita mafundi au hujafungua nyaya zako chini ya ubao, jua kwamba nyaya zako hazina kosa. Bibi Mnene ni bubu. Nilimtuma bubu na nilijua.

Naandika kwa mashine kwa sababu mkono wangu wa kulia hauandiki tena. Ulianza na kikombe cha kahawa, mwaka jana. Halafu nikaangusha saa ya mteja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea tangu nikiwa mwanagenzi. Daktari ameupa jina, Parkinson. Duka nimelifunga tangu Pasaka. Ile barua yangu ya Septemba niliiandika kwa siku nne, nikivizia nusu saa za asubuhi mkono ukiwa umetulia kwa dawa. Nilitaka uone mwandiko wangu na usiulize.

Spika tatu nimezivunja. Ya mwisho nilikuwa nalehemu waya wake, mkono ukaruka, kalamu ya moto ikang'oa kile kidoa cha shaba ambapo sauti inatokea kwenye king'amuzi. Kipo kimoja tu. Mota inakwenda, taa inawaka, kengele zimo mle ndani na mama yumo, na kila ukibonyeza wanalia kweli, ila hawana pa kutokea. Franka alitaka apeleke kwa fundi mwingine. Nilimfokea mtoto wangu. Mimi, Fundi Uhlig, nipeleke kazi ya baba yangu kwa fundi mwingine! Ndicho kiburi nilichobaki nacho, na tazama kilivyotufikisha.

Ningeweza kukutumia sauti tupu, ukaiweka sikioni ukasikiliza. Mtu yeyote angelifikiria hilo. Lakini uliponiandikia kuhusu udongo wa kaburi niliona afadhali nifike kwa wakati na uongo kuliko nichelewe tena na ukweli. Tangu mzigo uondoke nimenyanyua simu mara tatu nimweleze Sieglinde, na mara tatu nimeirudisha.

Nitukane kwa kalamu nzito. Kisha niambie niilete hiyo sauti kwa mkono wangu, nipande gari kesho.

Tilo


Wolfsgrund, Jumapili 3 Desemba 2017

Tilo, fundi wa mafundi!

Niwie radhi kwa barua yangu ya mwisho, kaka yako ana mdomo mchafu akiwa na hofu. Sote wazima, theluji inafika magotini, keki imekatwa na imetoka laini.

Amefika, amekwenda, na nimesikia! Nilimpeleka polepole kama ulivyoelekeza, nikabonyeza, na kengele zikalia mbili, safi kabisa, kama baba yuko nyuma ya kilima. Honi nayo! Paka mwenye kengeza alikimbilia chini ya kochi. Na mama, Tilo. Nimemsikia. Aliniita jina langu kwa upole, kama alivyokuwa akituita jioni. Nililia kama mtoto.

Mikono yako ibarikiwe. Kesho nasafiri kidogo, kwa hiyo usione kimya. Sasa naweza kuamua lile jambo langu nikiwa na moyo mweupe.

Kaka yako mwenye furaha,
Ehrhard


Pforzheim, 8 Desemba 2017

Kaka,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu bila shaka umeshaisoma.

Ulisikia nini?

Nakuomba unijibu. Na umekwenda wapi?

Tilo


Wolfsgrund, 2 Februari 2018

Mdogo wangu Tilo,

Sieglinde anakusalimu. Barua zako za Krismasi na za Januari zimefika zote, anazo yeye, nilimwomba azifiche. Leo tumerudisha ubao darini, safari hii kwa msaada wa jirani, kwa sababu nimekatazwa kuinama. Mishumaa imetoka dirishani na nyumba imekuwa giza.

Uliniuliza nilisikia nini. Sikusikia kitu. Nilimtuma Sieglinde kwa dada yake asubuhi ile ili nisionwe nikilia, nikakaa peke yangu na rimoti. Nilibonyeza cha tatu mpaka kidole kikauma. Bibi Mnene alizunguka, taa inawaka, nami nikaweka sikio juu yake karibu anikwaruze shavu. Kimya. Nikasema basi, Ehrhard, ndiyo mwisho wako. Kisha nikakaa mezani nikakuandikia ile barua, kwa sababu ulikuwa umehangaika miezi mitatu na sikutaka ujue umefika umechelewa tena.

Jambo nililokuwa nalo la kuamua ni hili. Madaktari wa Chemnitz walinipa njia ya kupasuliwa sikio la kushoto na kutiwa waya wa umeme ndani. La kulia limelala miaka mingi mno, halifai. Waliniambia wazi kwamba waya ukiingia, masalio ya usikivu wangu mwenyewe huenda yakafa, na nitakachosikia baada ya hapo kitakuwa cha mashine. Masalio yalikuwepo, kidogo, vipimo vilionyesha. Uamuzi waliniachia mimi. Nami nikajiwekea mtihani wangu: nikisikia kengele ya baba kwa sikio langu, siendi, nitabaki na hicho kidogo mpaka kiishe chenyewe. Nisipoisikia, hakuna ninachopoteza, wapasue.

Walinipasua Jumatano tarehe 6 Desemba, siku waliyokuwa wamenishikia. Barua yako ilifika asubuhi hiyohiyo. Sieglinde aliisoma akiwa amevaa koti, anatoka kuja hospitali, nami nilikuwa tayari mezani pa upasuaji.

Masalio yamekufa. Mashine waliiwasha Januari. Wanasema sikio hujifunza, nipe mwaka. Kwa sasa kila kitu ni kijiko juu ya sahani ya bati. Jana mtu aligonga bati nyuma yangu, nikageuka kwa hasira, na alikuwa Sieglinde ananiita nile.

Ningekuandikia kwamba nimekusamehe, ungekuwa uongo wa tatu kati yetu, na tayari tunao wako na wangu. Sijakusamehe. Nami sijajisamehe, maana ningekwambia neno moja tu kuhusu kisu, usingethubutu kunitumia injini bubu. Usiku namfikiria Bibi Mnene na kengele zake mle ndani, na mimi na masikio yangu ya wakati ule, tumekaa pua kwa pua.

Usije bado. Spika nayo usilete, kengele ya bati siitaki. Nifanyie jambo moja. Washa utepe, usikilize badala yangu, uniandikie kila kinachosikika, kwa mpangilio, bila kuongeza wala kupunguza. Sijui bado mama alisema nini. Na uandike kwa mkono, hata kama herufi zinaanguka. Nimechoka na mashine.

Ehrhard


Pforzheim, 11 Februari 2018

Kaka, shikamoo.

Franka mzima. Imenichukua siku tano, usihesabu madoa ya wino. Umesema bila kupunguza, kwa hiyo sikupunguza.

Kwanza upepo. Kiti kinasogezwa jikoni. Mimi nacheka, wewe unaninyamazisha. Kimya kirefu. Halafu kengele, mbali, mara mbili. Honi, ndefu, inakatwa na kilima. Mvuke. Mfuniko wa sufuria. Mlango unafunguliwa kwa nguvu, na mama anapiga kelele:

"Ehrhard! We Ehrhard! Husikii? Baba yenu huyo!"